Prometheus na Grafana kwa Kufuatilia Foleni za RabbitMQ: Tathmini Kutoka Tanga

Kila alfajiri vituo vya kukusanyia maziwa vinavyolizunguka Jiji la Tanga, kuanzia Pongwe hadi Muheza, hupima maziwa ya wafugaji na kutuma takwimu zake kwa simu hadi kwenye seva iliyoko ofisi kuu ya ushirika, Chumbageni. Takwimu hizo haziingii moja kwa moja kwenye hesabu. Hupokelewa kwanza na RabbitMQ, wakala wa ujumbe anayezipanga katika foleni tofauti: foleni ya hesabu za mfugaji, foleni ya vipimo vya ubora wa maziwa, na foleni ya ujumbe mfupi unaomjulisha mfugaji lita alizopokelewa siku hiyo. Kazi yangu ni kuusimamia mfumo huo, na tathmini hii inahusu zana tunazozitumia kuuchunga, yaani Prometheus inayokusanya na kuhifadhi vipimo, plagini (kiongezo cha RabbitMQ) iitwayo rabbitmq_prometheus inayompa vipimo hivyo, Alertmanager inayopeleka tahadhari, na Grafana inayochora michoro.

Hukumu yangu naitoa mapema kwa ajili ya msomaji mwenye haraka. Zana hizi ni imara, hazilipiwi, na zinaitosha kabisa ofisi ya mkoani yenye fundi mmoja au wawili. Hata hivyo, zikiachwa jinsi zinavyokuja, zitakuonyesha vizuri afya ya seva nzima huku zikikuficha foleni moja inayoumwa, na katika kazi ya foleni ugonjwa karibu kila mara huanzia kwenye foleni moja. Yeyote atakayezifunga bila kulirekebisha jambo hilo atakuwa na dashibodi ya kupendeza ukutani na wafugaji wanaolalamika kituoni.

RabbitMQ ina ukurasa wake wa usimamizi, ule unaofunguliwa kwenye kivinjari kupitia mlango wa mtandao (port) wa 15672, na mafundi wengi hudhani huo unatosha. Ukurasa huo ni mzuri kwa kutazama hali ya sasa hivi, kufungua foleni moja na kuona nani ameunganishwa nayo. Lakini kumbukumbu zake ni fupi, kwani kwa mipangilio ya kawaida hazivuki siku moja, nazo hukaa ndani ya RabbitMQ ileile unayoichunguza, hivyo seva ikianguka historia nayo huondoka. Tena ukurasa huo haumwamshi mtu usiku. Watengenezaji wenyewe katika maelekezo yao wanashauri kwamba mfumo ulioingia kazini ufuatiliwe na zana ya nje yenye hifadhi yake, na ushauri huo nauunga mkono bila shaka yoyote.

Prometheus ilianza kuandikwa mwaka 2012 ndani ya kampuni ya SoundCloud, ikapokewa mwaka 2016 na taasisi ya Cloud Native Computing Foundation ikiwa mradi wake wa pili baada ya Kubernetes, mfumo wa kuendesha programu kwenye seva nyingi. Grafana ilitolewa mara ya kwanza mwaka 2014. RabbitMQ yenyewe ni ya mwaka 2007, imeandikwa kwa lugha ya Erlang, na baada ya kupita mikononi mwa wamiliki kadhaa sasa iko chini ya Broadcom. Zote ni programu huria. Nataja umri na umiliki kwa sababu ofisi ndogo haiwezi kubadilisha zana kila mwaka. Inahitaji kitu ambacho kitakuwepo na ambacho kijana atakayeajiriwa kesho anaweza kuwa amekwisha kukutana nacho mahali pengine.

Kuvifunga vyote ni kazi nyepesi kuliko nilivyotarajia. Tangu toleo la 3.8 lililotoka Oktoba 2019, plagini ya vipimo huja pamoja na RabbitMQ, na unachotakiwa kufanya ni kuiwasha kwa amri moja tu, rabbitmq-plugins enable rabbitmq_prometheus, bila hata kuizima seva. Kuanzia hapo kila nodi, yaani kila seva inayoendesha RabbitMQ, hutoa vipimo vyake kupitia mlango wa 15692, na Prometheus huenda yenyewe kuvichota kila baada ya muda uliopangwa. Zamani ilibidi kuweka programu ya pembeni iliyokuwa ikiuliza ukurasa wa usimamizi kila mara na kuuchosha, na anayekuta maelekezo ya namna hiyo mtandaoni ayaache. Kwa upande wa picha, watengenezaji wa RabbitMQ wamekwisha kuandaa dashibodi ziletwazo kwa namba. Ile ya jumla ni 10991, unaiandika ndani ya Grafana na picha zinatokea zenyewe. Nodi zinazojulikana kwa jina, jumbe zinazoingia na kutoka kwa sekunde, memori iliyobaki, nafasi ya diski, miunganisho, vyote vinaonekana kabla chai haijapoa.

Yapo mambo mawili ya muda ambayo yanafaa kuwekwa sawa siku hiyohiyo. RabbitMQ huhesabu takwimu zake kila baada ya sekunde 5, na maelekezo yake yanashauri kuongeza hadi sekunde 10 pale unapotumia Prometheus. Prometheus nayo, usipoiambia, huchota kila dakika 1, ingawa faili la mfano linalokuja nayo limewekwa sekunde 15. Sisi tunatumia 10 kwa 15. Ukichota mara nyingi kuliko RabbitMQ inavyohesabu, utapata namba zilezile mara mbili na michoro yenye meno ya msumeno ambayo haina maana yoyote. Ukichota kwa nadra mno, msukosuko wa dakika moja wa saa kumi na mbili asubuhi hautauona kamwe. Vilevile, unapokokotoa kasi, dirisha la hesabu lisiwe chini ya mara nne ya muda wa kuchota, yaani kwa sekunde 15 lisipungue dakika 1.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Anwani ya kawaida ambayo Prometheus huchota vipimo, ile inayoishia na /metrics, hutoa jumla ya nodi nzima. Kipimo kiitwacho rabbitmq_queue_messages_ready, kwa mfano, ni idadi ya jumbe zote zinazosubiri katika foleni zote kwa pamoja, bila jina la foleni hata moja. Uamuzi huo una sababu ya msingi. Seva yenye maelfu ya foleni na makumi ya maelfu ya miunganisho ingetoa orodha ndefu kiasi cha kuilemea yenyewe na kuilemea Prometheus, hivyo watengenezaji walichagua usalama. Kwa seva kubwa ni uamuzi wa busara. Kwa ofisi yenye foleni chache, kila moja ikiwa na kazi yake maalumu, uamuzi huohuo unaondoa taarifa muhimu kuliko zote.

Nieleze jinsi linavyotokea. Asubuhi moja ya masika, simu iliita kutoka kituoni. Karani wa kike, kwa adabu zake za Kitanga, alianza na salamu zote: "Shikamoo kaka. Habari za tangu jana? Za nyumbani?" Nilipoitikia marahaba na kujibu kuwa sote wazima, ndipo akaleta shida: "Kaka, wafugaji huku hawaondoki. Wanasema wamepima lakini ujumbe wa lita haujawafikia, na wengine wanaogopa hawajaandikwa." Nilifungua dashibodi ya jumla na kila kitu kilikuwa kijani. Jumbe zilikuwa zinaingia kwa kasi ya kawaida ya asubuhi, zilikuwa zinatoka kwa kasi inayokaribiana nayo, memori ilikuwepo tele, na jumla ya zinazosubiri ilikuwa imepanda kidogo tu, kama inavyopanda kila asubuhi. Foleni ya hesabu na ile ya ubora, ambazo ndizo nzito, zilikuwa zinakwenda kasi na kuifunika kabisa ile ya tatu. Nilipoitazama foleni ya ujumbe mfupi peke yake, nikaona jumbe zinazosubiri zinaongezeka bila kupungua, wapokeaji wawili, yaani programu zinazochukua jumbe kwenye foleni na kuzifanyia kazi, wameunganishwa kama kawaida, na jumbe walizokabidhiwa lakini hawajathibitisha kwa RabbitMQ kwamba wamezimaliza zimeganda kwenye 100 bila kutikisika.

Namba hiyo ya 100 ndiyo iliyoeleza kila kitu, na ningependa msomaji aielewe vizuri kwa sababu hakuna kipimo kingine cha RabbitMQ chenye maneno mengi kama hiki. Kila mpokeaji wetu amewekewa kikomo cha kushika jumbe 50 kwa wakati mmoja kabla ya kuthibitisha. Wapokeaji wawili wakishika 50 kila mmoja na kunyamaza, utaona 100 iliyosimama wima. Maana yake ni kwamba programu zipo hai, muunganisho upo, lakini kuna kitu wanachokisubiri nje. Katika tukio lile, huduma ya nje inayopeleka ujumbe kwenye simu ilikuwa haijibu, na programu yetu ilikuwa inaisubiri bila kikomo cha muda. RabbitMQ ina kinga yake hapo: mpokeaji asipothibitisha ujumbe kwa dakika 30, kwa mipangilio ya kawaida chaneli yake, yaani njia yake ya kuwasiliana na RabbitMQ, hufungwa na jumbe hurudishwa kwenye foleni. Lakini nusu saa ni muda mrefu mno kwa mfugaji aliyesimama na ndoo tupu akisubiri uthibitisho ili aende shambani.

Sura ya foleni husomeka kwa kulinganisha vipimo vitatu, na nimeona kwamba fundi akishazielewa sura hizi hahitaji kukisia tena. Zinazosubiri zikipanda na wapokeaji wakiwa sifuri, programu ya kupokea imekufa au imeshindwa kuunganishwa. Iwashe, kisha tafuta sababu. Zinazosubiri zikipanda, wapokeaji wapo, na zisizothibitishwa zimeganda kwenye kikomo, tatizo liko mbele ya mpokeaji: hifadhidata imefungwa, huduma ya nje haijibu, diski imejaa. Zinazosubiri zikipanda huku zisizothibitishwa zikichezacheza karibu na kikomo, mpokeaji anafanya kazi ila amezidiwa, na dawa ni kuongeza wapokeaji au kuharakisha kazi ya kila mmoja. Ipo sura ya nne ambayo huwapotosha wengi, nayo ni zinazosubiri kuwa sifuri huku zisizothibitishwa zikipanda bila mwisho. Foleni huonekana safi, kumbe mpokeaji hakuwekewa kikomo chochote, amebebeshwa kila kitu, na akianguka vyote hurudi kwa mkupuo mmoja.

Ili kuyaona haya, Prometheus inatakiwa kuchota pia anwani nyingine, /metrics/detailed, na kutaja makundi ya vipimo inayoyataka. Makundi mawili yanatutosha: queue_coarse_metrics, linalotoa idadi ya jumbe kwa kila foleni, na queue_consumer_count, linalotoa idadi ya wapokeaji. Vipimo vya anwani hii huanza na rabbitmq_detailed, kwa hiyo havigongani na vile vya jumla. Ipo pia anwani ya /metrics/per-object ambayo hutoa kila kitu kwa kila kitu, na hiyo sikushauri kuigusa isipokuwa seva yako ni ndogo sana. Ile ya kuchagua makundi ni nafuu na inakupa unachokihitaji. Dashibodi ya 10991 haisomi vipimo hivi vya foleni mojamoja. Itakubidi uchore paneli zako mwenyewe, na hapo ndipo ninapoipunguzia alama seti hii, kwa sababu ofisi ndogo ingenufaika sana na dashibodi rasmi ya foleni chache iliyochorwa tayari.

Kuhusu tahadhari, kishawishi cha kwanza ni kuweka idadi: foleni ikizidi jumbe 1,000, piga kengele. Kwa ofisi yetu kanuni hiyo haifai. Kati ya saa kumi na mbili na saa tatu asubuhi vituo vyote hupima kwa pamoja, foleni hujaa na kupungua kwa haki kabisa, na kengele ingelia kila siku mpaka watu wazoee kuipuuza. Saa nane mchana, jumbe 40 tu zilizosimama bila kusogea ni hatari kubwa kuliko 2,000 za asubuhi zinazotiririka. Kwa hiyo tumeacha kuhesabu wingi na badala yake tunauliza mwenendo. Tahadhari ya kwanza hulia foleni yoyote ya kazi inapokosa mpokeaji kwa dakika 2. Ya pili hulia pale zisizothibitishwa zinapokuwa kwenye kikomo na zinazosubiri zikiongezeka kwa dakika 5 mfululizo. Muda huo wa kuvumilia, ambao katika kanuni za Prometheus huandikwa kwa neno for, ndio unaotenganisha kengele yenye heshima na kelele.

Pamoja na hayo, kuna swali moja ambalo mfugaji huuliza na ambalo vipimo vya RabbitMQ havilijibu sawasawa: ujumbe wangu umechelewa kiasi gani? Idadi ya waliopo kwenye foleni haisemi wa mbele amesimama tangu lini. Tulilijibu kwa kuifanya programu inayopokea itoe kipimo chake yenyewe. Simu ya kituoni huandika ndani ya ujumbe saa ya kupima maziwa. Mpokeaji, akishamaliza kazi na kuthibitisha, hutoa tofauti ya saa hiyo na saa ya sasa na kuiweka katika kipimo ambacho Prometheus hukichota kama vingine. Maktaba za kufanya hivyo zipo kwa Python, Java, Go na lugha nyingine, na mistari inayohitajika ni michache. Saa za simu za vituoni zisiachwe kuwekwa kwa mkono, kwa sababu simu iliyotangulia dakika tatu hutoa ucheleweshaji hasi na kuharibu wastani wote. Kipimo hiki kimoja ndicho ninachokitazama kwanza kila asubuhi, na ndicho kinachoeleweka hata na viongozi wa ushirika ambao hawana haja ya kujua chaneli ni nini: asilimia 95 ya wafugaji walipata ujumbe ndani ya muda gani.

Jambo lililonifurahisha kuliko yote ni dogo kwa sura. Kanuni za tahadhari za Prometheus zina sehemu ya kuandika maelezo, na maelezo hayo yanaweza kuwa ya Kiswahili, yakijazwa jina la foleni na namba halisi. Nyaraka za zana zote hizi tunazozitumia ni za Kiingereza, na kijana wa zamu anayeamshwa saa tisa usiku hana muda wa kuzichambua. Tahadhari yetu ya pili humfikia hivi: "Foleni ya ujumbe_mfupi inajaa. Wapokeaji wapo 2, wameshika 100 na hawathibitishi. Jaribu kwanza kama huduma ya kutuma ujumbe inajibu. Usiwashe upya RabbitMQ." Sentensi ile ya mwisho niliitaka iwemo kwa makusudi, maana mkono wa fundi aliyeamshwa usingizini hukimbilia kuzima na kuwasha, na hapo RabbitMQ haikuwa na kosa lolote.

Alertmanager hupokea tahadhari hizo, huziunganisha zinazofanana ili mtu asipate ujumbe thelathini kwa tatizo moja, na kuzipeleka kwa barua pepe, Telegram au anwani nyingine. Kwa mazingira yetu upungufu wake ni kwamba haina njia ya moja kwa moja ya kutuma ujumbe mfupi kupitia mitandao ya simu ya nchini. Hupewa anwani ya programu ndogo ambayo wewe mwenyewe unaiandika, nayo ndiyo inayoongea na modemu yenye laini ya simu. Tuliifanya kazi hiyo kwa sababu moja: intaneti ya ofisi ikikatika, barua pepe na Telegram vyote huzimika pamoja nayo, ilhali ujumbe mfupi wa modemu hupita. Uchotaji wa vipimo wenyewe hauhitaji intaneti, kwani hufanyika ndani ya mtandao wa ofisi, na hiyo ni sifa kubwa ambayo huduma za kulipia za nje, zinazotoza kwa dola kwa kila seva na kutaka vipimo visafirishwe hadi kwao, haziwezi kuitoa wakati nyaya zimekatika.

Prometheus isikae kwenye mashine moja na RabbitMQ. Mashine ikizimika, mlinzi na anayelindwa hulala pamoja. Yetu iko kwenye kompyuta ndogo iliyotengwa, yenye betri yake, na imewekewa tahadhari moja inayolia muda wote kwa makusudi kuelekea mashine nyingine iliyo nje ya ofisi. Mlio huo ukikoma, mashine hiyo ya nje ndiyo inayotoa taarifa. Umeme ukikatika ghafla Prometheus huinuka na kusoma kumbukumbu zake ilizokuwa ikiziandika hatua kwa hatua, kwa hiyo kinachopotea ni kile kipindi cha giza tu.

Gharama ya hifadhi si ya kutisha. Kwa makadirio ya watengenezaji, kila kipimo kilichohifadhiwa huchukua wastani wa baiti 1 hadi 2. Chukua mfululizo 2,000 wa vipimo vinavyochotwa kila sekunde 15: kwa siku ni vipimo 11,520,000, ambavyo hata kwa baiti 2 havifiki megabaiti 24. Prometheus huhifadhi siku 15 isipoambiwa vinginevyo, na mimi napendekeza kurefusha hadi mwaka mzima, kwa sababu biashara ya maziwa ina misimu. Mvua za masika zikinyesha majani huwa mengi, maziwa huongezeka, jumbe huongezeka. Kulinganisha Mei na Mei iliyopita kunafaa kuliko kulinganisha Mei na Februari. Mwaka mzima kwa hesabu hiyo hauvuki gigabaiti 9.

Memori na diski dashibodi ya jumla inavionyesha vizuri, na paneli zake zimeandikwa kwa mtazamo sahihi: zinaonyesha kiasi kilichobaki kabla RabbitMQ haijawazuia watumaji. Hilo ndilo linalotokea hasa. Memori ikivuka kikomo, au nafasi ya diski ikishuka chini ya kikomo, RabbitMQ haianguki bali huacha kupokea kutoka kwa watumaji wote, na simu za vituoni hubaki zikizungusha duara. Kikomo cha diski kinachokuja nacho ni megabaiti 50 tu, kiwango ambacho nyaraka zenyewe zinasema hakifai kwa seva iliyo kazini. Kipandishe siku ya kwanza. Paneli nyingine ya kuiheshimu ni ile ya jumbe zisizo na njia zilizotupwa. Ujumbe ukitumwa mahali ambapo hakuna foleni iliyounganishwa, na mtumaji hakuomba kurudishiwa, RabbitMQ huutupa kimyakimya, bila kosa wala onyo kwa yeyote. Kwetu paneli hiyo inatakiwa isome sifuri daima, na ikisoma 1 kuna lita za mtu zimepotea.

Kwa upande wa usalama, mlango wa 15692 kwa mipangilio ya kawaida haumuulizi mtu nywila. Jumbe zenyewe hazionekani hapo, lakini majina ya foleni na ukubwa wa biashara huonekana, kwa hiyo ufungwe kwa ngome ya mtandao na kuruhusu mashine ya Prometheus peke yake. Grafana huja na mtumiaji admin na nywila admin, na hukuomba uibadilishe unapoingia mara ya kwanza. Ibadilishe.

Anayetumia Kafka, mfumo mwingine wa kupitisha jumbe, badala ya RabbitMQ asidhani tathmini hii inamfaa yote. Prometheus na Grafana zitamfaa vilevile, lakini vipimo vya Kafka hutoka kwa njia ya JMX, utaratibu wa programu za Java wa kutoa vipimo, na huhitaji programu ya kuvitafsiri, na kipimo chake kikuu ni umbali ambao mpokeaji amebaki nyuma ya ujumbe wa mwisho ulioandikwa. Jumbe hazifutwi kwa kusomwa, hivyo kuhesabu zilizopo hakumsaidii.

Neno la mwisho ni kwa walio kwenye matoleo ya 3 ya RabbitMQ wanaojiandaa kuhamia toleo la 4, lililotoka Septemba 2024. Kikomo cha kawaida cha memori kimepanda kutoka 0.4 hadi 0.6 ya memori yote ya mashine, kwa hiyo tahadhari yoyote uliyoiandika kwa namba ya moja kwa moja itasema uongo baada ya kuhama. Iandike upya kwa kulinganisha na kikomo ambacho RabbitMQ yenyewe inakitoa kama kipimo. Foleni za kawaida zilizokuwa zikinakiliwa kwenye nodi kadhaa zimeondolewa kabisa, na anayehitaji nakala anatakiwa kutumia foleni za akidi (quorum queues), zinazofuata Raft, kanuni ya nodi kukubaliana kwa wingi wa kura, na zinazohitaji walau nodi 3 ili ziwe na maana. Kuzihamisha ni kazi ya kupangwa Jumapili jioni, baada ya maziwa ya mwisho kupimwa, na paneli za kila foleni ziwe zimekwisha kuchorwa kabla ya kugusa chochote, ili fundi aone kwa macho yake foleni ya zamani ikimalizika na mpya ikianza kupokea.